Kijana Asomee Nini: Ufundi au Shahada?

Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, ofisi za vyama vya msingi hupata wageni wa aina moja. Mzazi huja na karatasi ya matokeo mkononi, ama kuomba mkopo wa ada, ama kuuliza kama chama kitamdhamini mwanawe chuoni. Swali lake huwa ni lile lile: kijana aendelee na Kidato cha Tano na cha Sita hadi Chuo Kikuu, au ashike ufundi sasa hivi? Katibu wa chama hutazamiwa kuwa na jibu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye barua, mihuri na matangazo ya vyuo. Mara nyingi hutoa jibu lililozoeleka, kwamba mwenye alama nzuri apande juu na mwenye alama hafifu akajifunze useremala. Jibu hilo ni jepesi, nalo limezigharimu familia na vyama fedha nyingi.

Makala haya yanaeleza jinsi njia hizo mbili zilivyo hivi leo, zinapokutana na zinapoachana, na jinsi chama chenye fedha kidogo za mafunzo kinavyoweza kupima mahali pa kuziweka.

WASIWASI WA MZAZI UNA ASILI YAKE

Si haki kumlaumu mkulima kwa kuikimbilia shahada. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Taarifa yake ilihimiza kwamba masomo yaambatane na maisha ya kijijini, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Katika tume hiyo alikuwamo Dkt. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Shauri lenyewe halikuwa baya lote. Lakini wazazi walitazama wakaona kwamba watoto wa Wazungu hawakuelekezwa kwenye jembe na randa, na kwamba karani aliyeketi ofisini alilipwa vizuri kuliko fundi aliyetoka jasho. Wakahitimisha kwamba elimu ya ufundi ilikuwa elimu ya kumweka mtu mahali pake.

Mwaka 1965 mtaalamu mmoja, Philip Foster, aliyefanya utafiti wake nchini Ghana, aliandika kwamba wazazi waliopendelea shule za kawaida kuliko shule za ufundi hawakuwa wajinga wala wenye majivuno. Walikuwa wamesoma mishahara ilivyo. Shule haiwezi kumfanya kijana apende kazi ambayo jamii yenyewe inailipa kwa dharau. Jambo hilo yafaa likumbukwe na kila kiongozi wa chama anayesimama mkutanoni kuwahimiza vijana wapende ufundi huku chama chake kikimlipa fundi wa mtambo nusu ya anachomlipa mwandishi wa barua.

Baada ya Uhuru, serikali ya Tanzania ilijaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1967 ilitangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba wanaomaliza sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Sweden, ili mtu mzima wa kijijini apate maarifa bila kuhama kijiji chake. Utaratibu wa kufanya kazi kwanza ulilegezwa na hatimaye ukaachwa, lakini vyuo vile bado vipo na vinafundisha.

Wakati huo huo, shahada ilikuwa na nguvu ambayo leo haina. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitenga na Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kilikuwa ndicho chuo kikuu pekee nchini, na wahitimu wake walipangiwa kazi na serikali. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili kijana afike pale alikuwa na uhakika wa kuona matunda. Leo vyuo vikuu ni vingi, vya serikali na vya binafsi, na hakuna anayempangia mhitimu kazi kwa kuwa tu amehitimu. Anatangaziwa nafasi, anashindana na wenzake wengi, na anaweza kukaa nyumbani miaka kadhaa huku cheti chake kikiwa kabatini. Tumaini la mzazi limebaki la mwaka 1970, lakini soko la kazi ni jingine kabisa.

Hata hivyo, ni kosa kukimbilia upande wa pili na kudai kwamba ufundi ndio ajira ya uhakika. Kijiji chenye mafundi cherehani kumi na wawili hakihitaji wa kumi na tatu.

NGAZI ZILIVYO

Wengi hudhani kwamba njia hizi mbili ni kama barabara zinazoachana moja kwa moja, na kwamba aliyechagua moja hawezi tena kuifikia nyingine. Zamani ilikaribia kuwa hivyo. Sasa sivyo, na hili ndilo jambo ambalo makatibu wanapaswa kulieleza kwa wanachama kuliko lolote jingine.

Ufundi stadi, yaani ule wa uashi, umeme, uchomeleaji, magari, ushonaji na kadhalika, unasimamiwa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyeti vyake vina ngazi tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Juu ya hapo ziko ngazi za vyuo vya kati: ngazi ya 4 ni Astashahada ya Awali, ya 5 ni Astashahada, ya 6 ni Stashahada. Ngazi ya 8 ndiyo shahada ya kwanza. Ngazi hizo zilianzishwa chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na ambalo siku hizi hujulikana kwa ufupisho wa NACTVET baada ya kukabidhiwa pia usimamizi wa ufundi stadi.

Miaka yenyewe ihesabiwe. Kijana aliyefaulu Kidato cha Nne akienda Kidato cha Tano na cha Sita atatumia miaka miwili. Akipata nafasi ya Chuo Kikuu, shahada ya kawaida ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari mitano. Kwa shahada ya kawaida jumla ni miaka mitano. Mwenzake aliyekwenda chuo cha kati atasoma ngazi ya 4 kwa mwaka mmoja, ngazi ya 5 na ya 6 kwa miaka miwili, kisha shahada kwa miaka mitatu. Jumla yake ni miaka sita.

Tofauti ni mwaka mmoja. Kwa mwaka huo mmoja, kijana wa pili amenunua kitu kikubwa: anapofika mwaka wa tatu ana stashahada inayoweza kumpatia kazi. Mvua ikikosa, bei ya zao ikianguka, au baba akifariki, anaweza kusimama pale, akafanya kazi, na kurudi masomoni baadaye. Yule wa kwanza, mambo hayo yakimpata katika mwaka wa tatu, ana cheti cha Kidato cha Sita na kipande cha shahada, na kipande cha shahada hakiajiriwi.

Lakini lango la kutoka stashahada kwenda shahada lina mlinzi. Vyuo vikuu hudai stashahada yenye wastani wa alama 3.0 au zaidi, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, au cheti cha ngazi ya tatu cha ufundi stadi kwa yule aliyepungukiwa. Anayeingia kwa Kidato cha Sita naye hudaiwa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na baadhi ya fani hutaka zaidi. Kwa hiyo kijana anayechukua stashahada kwa nia ya kuendelea asijikokote. Akiambiwa na jirani kwamba stashahada ni ya kupitisha muda tu, atagundua ukweli akiwa amechelewa.

Shuleni nako mambo yanageuka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali. Maana yake ni kwamba swali hili, ambalo zamani lilisubiri Kidato cha Nne, sasa litawafikia baadhi ya wazazi mtoto akiwa ndiyo kwanza amemaliza shule ya msingi.

MCHE MMOJA WA KAHAWA

Mjadala wa ufundi na shahada hupotea pale unapofanywa mjadala wa heshima. Afadhali utazamwe kupitia kitu ambacho kila mkulima wa kahawa anakijua.

Kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, kimetoa aina mpya za kahawa zinazohimili ugonjwa wa chule buni na kutu ya majani. Kuipata aina moja ya namna hiyo si kazi ya msimu mmoja. Mimea mama huchaguliwa, huchavushwa kwa mkono, watoto wake hupandwa, huambukizwa ugonjwa kwa makusudi, hupimwa mavuno na ladha, kisha hujaribiwa katika mikoa yenye udongo na mvua tofauti. Kazi hiyo huchukua miaka mingi. Hakuna kozi ya miezi sita inayoweza kumfundisha mtu kuifanya. Anahitajika mtu aliyesoma shahada ya kwanza, ya pili, na mara nyingi ya tatu, na asipokuwapo mkulima ataendelea kununua dawa za kupulizia kila mwaka.

Sasa mche huo uletwe kijijini. Aina bora huzalishwa kwa vikonyo ili ibaki na sifa zake zote. Yule anayekata kikonyo mahali panapostahili, anayekipanda katika kitalu chenye unyevu na kivuli cha kutosha, na anayejua siku ya kukipunguzia kivuli, si lazima awe na shahada. Anahitaji mikono iliyozoezwa na jicho lililofundishwa. Bila yeye utafiti wa miaka ishirini hubaki kwenye taarifa.

Kisha kahawa huvunwa. Mtambo wa kumenyea kahawa mbivu ukikazwa mno hukata buni. Ukilegezwa mno huacha maganda. Kahawa ikichachushwa kupita muda wake hunuka, na mnada huijua siku hiyo hiyo. Ikianikwa bila kugeuzwa huvunda, ikikaushwa mno hupoteza uzito. Chama kinaweza kuwa na mhasibu mwenye shahada, mwenyekiti mwenye hekima na bodi yenye umoja, na bado wanachama wakapoteza daraja zima la ubora kwa sababu fundi wa mtambo alijifunza kazi kwa kubahatisha. Hasara hiyo haionekani popote katika mizania. Huonekana katika malipo ya pili, nayo husingiziwa bei ya dunia.

Mambo kama hayo yapo katika korosho, ambako mtunza ghala asiyejua kupima unyevu huweza kuharibu shehena nzima iliyowekewa stakabadhi, na katika pamba pia. Kila zao lina kazi za masomo marefu na kazi za mikono iliyofundishwa, na kila moja ya kazi hizo ikifanywa na mtu asiyestahili, anayelipa ni mkulima.

CHAMA KIMPELEKE NANI?

Mwaka 1966 iliundwa Kamati Maalum kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni uhaba wa watumishi wenye ujuzi na wanachama kutoelewa vyama vyao. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa kimekwisha anzishwa mwaka 1963 ili kuliondoa tatizo hilo. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Chuo chenyewe kikapanda daraja mwaka 2004 na kuwa Chuo Kikuu kamili cha Ushirika mwaka 2014. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, vyama visisahau kwamba chuo hicho kilianza kwa kuwafundisha makatibu na watunza vitabu, na kwamba hadi leo kinatoa astashahada na stashahada pamoja na shahada. Tawi lake la Kizumbi, Shinyanga, liko karibu zaidi na vyama vya mikoa ya pamba.

Chama kinapotaka kumsomesha mtu, swali la kwanza liwe: kuna kazi gani ambayo haifanyiki, au inafanyika vibaya? Swali la mtoto wa nani lije baadaye sana. Vyama vingi huligeuza. Hutafuta kwanza kijana mwenye alama nzuri, mara nyingi mtoto wa mjumbe, kisha humtafutia kozi, na mwisho humtafutia kazi.

Chukulia mfano wa chama cha msingi kinachokusanya kilo 200,000 za mazao kwa msimu, na kinachobakiza ushuru wa shilingi 30 kwa kila kilo. Mapato yake ni shilingi 6,000,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 500,000 kwa mwezi. Kutokana na hizo chama hulipa katibu, karani wa mizani, mlinzi, karatasi, posho za vikao, usafiri na ukaguzi. Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mapato yote ya chama hicho yanalingana na mshahara wa mtumishi mmoja wa umma wa daraja la chini kabisa. Chama hicho kikimsomesha kijana shahada ya uhasibu, kinamsomeshea mwajiri mwingine. Kijana hatakuwa amefanya hila yoyote kwa kuondoka. Ataondoka kwa sababu hesabu haitoshi.

Chama cha namna hiyo kinahitaji mtu anayeweza kuandika daftari la fedha kila siku, kufunga leja, kutayarisha urari na kuingiza taarifa katika mfumo wa kompyuta wa usimamizi wa vyama, MUVU. Astashahada ya mwaka mmoja yatosha kwa kazi hiyo, na mtu huyo anaweza kupatikana miongoni mwa wanachama wenyewe au watoto wao ambao tayari wana sababu ya kuishi kijijini. Mhasibu mwenye shahada ana nafasi yake katika chama kikuu, ambako anaweza kuvipitia vyama kumi au kumi na tano kila mwezi, kusahihisha vitabu na kuvitayarisha kwa ukaguzi wa COASCO. Vyama kadhaa jirani vinaweza pia kuchangia mshahara wa mhasibu mmoja. Hati yenye mashaka hutokana mara nyingi na stakabadhi zilizopotea na vitabu visivyofungwa, na hilo ni tatizo la kazi ya kila siku ambalo shahada iliyopo mjini haiwezi kulitibu.

Mtunza vitabu huyo hajafungiwa njia. Bodi ya uhasibu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mitihani yake ya mafundi sanifu wa uhasibu ambayo aliyemaliza Kidato cha Nne anaweza kuianza akiwa kazini, na kupitia hiyo akaendelea hadi mitihani ya uhasibu wa juu unaotambuliwa na sheria. Safari ni ndefu na wengi huishia njiani, lakini haimlazimu mtu kuacha kazi.

Wako waliopita njia ya kazi kwanza kisha masomo, na ushirika ukafaidika. Marehemu Paul Bomani alikuwa mtumishi wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika wa Mwanza kabla ya kwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Aliporudi akaliongoza Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955, na baadaye akawa Waziri. Alikwenda chuoni akiwa tayari anajua ni nini asichokijua.

NANI ALIPE NINI

Hapa ndipo makatibu wa SACCOS wanaweza kuwasaidia wanachama kwa namna ya pekee.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kwa miaka mingi mikopo yake iliwahusu wanafunzi wa shahada. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 mlango ulifunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele. Mkopo wa Bodi hulipwa baada ya masomo, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa aliyeajiriwa. Haumsumbui mzazi wakati kijana yuko darasani, ingawa si kila mwombaji hupata gharama zote.

Mkopo wa SACCOS ni kinyume chake. Unaanza kudaiwa mwezi ujao au msimu ujao. Mwanachama anayekopa kwenye chama ili kumlipia mwanawe shahada ya miaka mitatu analazimika kuanza kulipa kabla ya kijana kupata hata senti, na kukopa tena mwaka wa pili kabla ya kumaliza deni la mwaka wa kwanza. Msimu mmoja ukiharibika, wadhamini wake huingia matatani. Si busara kutumia fedha ya muda mfupi kwa jambo la muda mrefu wakati upo mkopo wa taifa uliowekwa kwa ajili hiyo. Kazi ya katibu hapo ni kumsaidia kijana kujaza fomu za Bodi mapema, kuhakikisha jina katika cheti cha kuzaliwa linafanana na la cheti cha shule, na kumpa mzazi mkopo mdogo wa nauli, godoro na vitabu.

Fedha ya SACCOS hufaa zaidi kwa mafunzo ya ufundi ya mwaka mmoja au miwili, na hufaa hasa kwa jambo ambalo husahauliwa na wote: vifaa. Kijana anayemaliza uchomeleaji bila mashine ya kuchomelea, au ushonaji bila cherehani, amefundishwa kazi ya mtu mwingine. Baada ya mwaka mmoja mikono husahau, na kijiji husema ufundi hauna faida. Chama kinachokubali kutoa mkopo wa ada ya ufundi kiukubali pamoja na mkopo wa vifaa, wa pili ukitolewa siku kijana anapoleta cheti chake, na marejesho yakipimwa kwa mapato ya kazi badala ya kusubiri mavuno.

Yupo pia fundi ambaye hahitaji kurudi darasani. Vyama vingi vina mwendesha mtambo au fundi wa magari aliyejifunza kazi kwa kukaa nayo miaka kumi na tano, asiye na karatasi yoyote. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo, na anayefaulu hupewa cheti. Kwa gharama ndogo chama kinapata mtumishi anayetambulika, na mtu huyo anapata heshima aliyoistahili siku nyingi.

MABINTI

Majina ya wasichana yanapopelekwa kwenye mafunzo ya ufundi, huelekea kuandikwa kwenye ushonaji na mapishi bila wenyewe kuulizwa. Ghala, maabara ya kuonja kahawa, umeme na kompyuta hazina kazi inayodai ndevu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi huwapokea hata mabinti waliokatisha shule, na baadhi vina mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama yuko darasani. Kamati ya elimu ya chama ivitembelee kabla ya kukata shauri kwa niaba ya mtu.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kabla ya chama kulipa ada, katibu ahakikishe kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Kwa chuo kikuu, mwenye mamlaka hayo ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Aulize pia wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, mazoezi ya kazini hufanyika wapi na kwa wiki ngapi, na gharama zipi ziko nje ya ada: bweni, chakula, sare, mitihani, vifaa na nauli. Chuo kinachokataa kumwonyesha mgeni karakana yake kimekwisha jibu.

Mkataba kati ya chama na kijana uandikwe kwa Kiswahili, usomwe mbele ya mzazi, na utaje mambo haya waziwazi: chama kitalipa nini na kwa muda gani, kijana akishindwa mtihani nini kitafuata, atakaporudi atapewa kazi gani na mshahara gani, na atatumikia kwa muda gani kabla ya kuwa huru kuondoka au kuomba kuendelea na masomo. Kumfunga mtu miaka kumi kwa kozi ya mwaka mmoja ni uonevu, na mkataba wa namna hiyo huvunjwa usiku. Miaka miwili ya utumishi kwa mwaka mmoja wa masomo ni kipimo ambacho wengi watakiona cha haki. Akitaka kuondoka mapema, arudishe sehemu ya gharama kwa kadiri ya miaka iliyosalia.

Jina la atakayepelekwa lipendekezwe na bodi baada ya nafasi kutangazwa kwenye ubao wa chama kwa muda usiopungua mwezi mmoja, na mjumbe mwenye mwombaji wa nyumbani kwake atoke nje wakati wa kujadili. Fungu la mafunzo liingizwe katika makisio ya mwaka yanayopelekwa Mkutano Mkuu, likitaja kazi inayohitaji kujazwa, ngazi ya masomo inayotosha kazi hiyo, na jumla ya gharama hadi siku ya kurudi. Mwanachama anayetaka kuhoji ngazi iliyochaguliwa, iwe ameiona ni ndogo mno au kubwa mno, atoe hoja yake hapo, kabla makisio hayajapigiwa kura.